Jūrmala, mji wa Rainis na Aspazija

Panda treni mjini Riga, mji mkuu wa Latvia, shuka Majori. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Treni inavuka mto Lielupe, kisha inaingia kwenye misonobari, na ndani ya misonobari hiyo ndimo ulimo mji wa Jūrmala, mwembamba na mrefu, mto upande huu, bahari upande ule. Wageni wengi wakishuka hapo huelekea moja kwa moja ufukweni, na wana haki. Mchanga wa Ghuba ya Riga ni mweupe na laini kama unga, na fukwe zake zinaendelea zaidi ya kilomita 20. Maji ni ya kina kifupi, mtu anatembea mbali kabla hayajamfika kifuani. Tena chumvi yake ni kidogo mno. Aliyekulia Mombasa au Tanga akiyaonja hataamini kwamba ni bahari.

Lakini mimi nakushauri uiache bahari kwanza, uende Mtaa wa Jānis Pliekšāns. Hapo pana nyumba ya mbao ya mapumziko iliyonunuliwa mwaka 1926 na mshairi mwenye jina hilo, ambaye Walatvia wanamjua zaidi kwa jina lake la uandishi, Rainis. Leo ni makumbusho. Nyumba za zamani za Jūrmala ndivyo zilivyo: kuta za mbao zilizopakwa rangi, nakshi chini ya paa, na baraza zilizozungushiwa madirisha ya vioo vidogo vidogo, maana kiangazi cha huku ni kifupi na kila mwale wa jua una thamani. Ukiingia unakutana na vitabu. Rainis alikuwa msomaji kabla hajawa kitu kingine chochote.

Alizaliwa mwaka 1865 kusini-mashariki mwa nchi, enzi ambayo Latvia ilikuwa chini ya himaya ya Urusi na mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa makabaila wa Kijerumani. Akasomea sheria St. Petersburg. Angeweza kuishi maisha ya starehe ya wakili, lakini mwaka 1891 akashika uhariri wa gazeti la Dienas Lapa mjini Riga. Hapo ndipo ninapompendea. Gazeti lile lilikuwa sauti ya vijana waliojiita Mkondo Mpya, waliotaka haki kwa wafanyakazi na nafasi sawa kwa wanawake, na waliyasema hayo kwa Kilatvia, lugha ambayo wakubwa wa siku zile waliiona ya wakulima tu. Mwaka 1893 akaenda Zürich kwenye mkutano mkuu wa wasoshalisti, akarudi na sanduku la safari lenye tabaka la siri chini yake. Ndani ya tabaka hilo alificha maandishi yaliyopigwa marufuku.

Serikali haikusahau. Mwaka 1897 alikamatwa.

Na hapa lazima nimtaje Elza Rozenberga, aliyejiita Aspazija. Alizaliwa mwaka ule ule wa 1865. Rainis alipokuwa bado hajachapisha hata kitabu kimoja cha mashairi yake, Aspazija alikwishatikisa Riga kwa tamthilia zake, na yeye pia aliandika katika Dienas Lapa. Walioana Desemba 1897 katika gereza la Panevėžys, Lithuania, bwana harusi akiwa mahabusu. Walishirikiana kuitafsiri Faust ya Goethe kwa Kilatvia, na Rainis aliendelea na kazi hiyo akiwa kifungoni. Tafsiri ile iliwaonyesha wengi kwamba lugha ya wakulima ina nguvu ya kubeba fikra yoyote.

Baadaye Rainis alipelekwa uhamishoni Urusi hadi 1903. Yalipozimwa mapinduzi ya 1905, wote wawili walikimbilia Uswisi, wakakaa Castagnola, karibu na Lugano, mpaka 1920. Waliporudi walikuta nchi huru. Wote wawili waliingia katika Bunge la Katiba. Rainis akaongoza Jumba la Taifa la Maigizo, kisha akawa waziri wa elimu. Alifia katika nyumba hii ya Majori tarehe 12 Septemba 1929, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 64.

Ukitoka hapo, endelea hadi Dubulti, kituo kinachofuata. Unaweza kwenda kwa miguu chini ya misonobari. Harufu ya utomvu peke yake inatosha kulipa safari. Huko ndiko kwenye nyumba ya Aspazija, nayo ya mbao, alimoishi miaka yake 10 ya mwisho hadi alipofariki Novemba 1943. Alikuwa mjane, na nchi aliyoipigania ilikuwa imekaliwa na majeshi ya kigeni. Amezikwa Riga kando ya mumewe, katika makaburi yanayoitwa kwa jina la Rainis.

Nimeipenda Latvia kwa sababu hii: huwaweka waandishi wake mahali ambapo nchi nyingine huweka majemadari. Katikati ya Riga kuna barabara kubwa ya Rainis na nyingine ya Aspazija. Katika bustani ya Esplanāde, Rainis ameketi kwa umbo la jiwe jekundu la matale, na tangu 1965 watu hukusanyika hapo kila Septemba kwa Siku za Ushairi. Washairi husoma, umma husikiliza.

Basi ukipanga safari, ipange Septemba. Msongamano wa kiangazi unakuwa umepungua ufukweni, na ushairi ndio kwanza umeanza. Na kama muda wako unatosha nyumba moja tu Jūrmala, nenda Dubulti kwa Aspazija.