Nilipeleka posa saba Marekani, mchumba ananisubiri Wete!

Mpenzi msomaji, hebu vuta kigoda nikupe kisa changu. Ukitaka kucheka cheka, mie mwenyewe siku hizi nacheka. Ila wakati yananikuta, wallahi sikucheka.

Mie ni kijana wa Wete, kule Pemba. Shahada ya kwanza ya uchumi niliipata chuo kimoja cha Bara, kisha nikarudi kwetu nikawa nasomesha hesabu skuli ya sekondari. Mwaka 2023 nilikuwa na mambo mawili kichwani. La kwanza, mchumba. Posa ilishapelekwa, ikakubaliwa, na ami yangu alishakaa na wazee wa upande wa pili wakaafikiana harusi iwe mwakani. La pili, Ph.D. ya uchumi huko Marekani. Bahasha ya pesa ilikuwa moja tu, milioni tatu na laki mbili, na humo ndimo mlimokuwa na mahari, kitanda na godoro.

Sasa sikiliza kasheshe yake.

KARAFUU ZILINIPONZA

Mtu ataniuliza, wewe mtoto wa Wete, Ph.D. ya uchumi unaitakia nini? Jibu langu liko jamvini. Sisi tumekua tukichambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku, mikono inanukia mpaka unapokula wali. Kwa mujibu wa sheria mnunuzi ni mmoja tu, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Miaka ile bei ilipokuwa chini, usiku zilikuwako mashua za kuelekea Mombasa, na kila mtu alijua zimebeba nini ingawa hakuna aliyesema. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha bei. Nilikuwa na miaka 15. Niliwaona watu wazima waliokuwa wakinong'ona habari za mashua wanabeba magunia mchana kweupe kwenda kuuza Shirikani. Mtaani kwetu, kazi iliyowashinda watu wa doria ilifanywa na bei!

Tangu hapo nikawa na ugonjwa wa kuuliza bei inavyofanya kazi. Nikaambiwa dawa ya ugonjwa huo ni Ph.D.

Barazani kwetu, mzee mmoja aliponisikia akaangua kicheko. "Unataka uprofesa kama wa Lipumba?" Huku Pemba Profesa Ibrahim Lipumba tunamjua kwa majukwaa ya siasa, lakini kabla ya siasa alichukua Ph.D. ya uchumi Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983. Nikamjibu, ndiyo mzee, kama wa Lipumba. Au kama wa marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 mpaka 2018, ambaye Ph.D. yake aliipata Northwestern, kule kule Marekani. Mzee akanyanyua kikombe chake cha kahawa, akasema, "Haya, tutakuona."

UNALIPIA HODI

Kuomba Ph.D., msomaji wangu, ni kama kupeleka posa. Unaandika barua. Unatafuta washenga watatu wa kukusemea, ndio hao wahadhiri wanaoandika barua za kukudhamini. Unatoa historia yako, yaani matokeo ya chuo. Kisha unakaa kimya unasubiri jibu. Tofauti ni moja, huku hodi yenyewe unailipia!

Chuo kimoja kilitaka dola 75, kingine dola 125, na mie nilichagua vyuo saba. Mtihani wa GRE peke yake ulikuwa dola 220, zaidi ya laki tano za kwetu. Mtihani huo, tangu ulipofupishwa Septemba 2023, haufiki saa mbili. Unapima hesabu na Kiingereza, kila upande alama zinaanzia 130 na kuishia 170. Weka hapo boti kutoka Mkoani, siku nne za kulala Dar, mtihani mwingine wa Kiingereza na bando la intaneti. Bahasha ikakonda mpaka nikaogopa kuishika.

Kilichonipa jeuri ni hiki. Vyuo vingi vya kule wakikukubali kwenye Ph.D. ya uchumi hulipi ada. Unapewa na posho ya kuishi, na wewe unawasaidia kusomesha. Miaka mitano, pengine sita. Na unaweza kuingia na shahada ya kwanza tu. Nikapiga hesabu zangu, nikipata, milioni tatu ni kitu gani? Ile Ph.D. ya fedha, inayosomeshwa kwenye skuli zao za biashara, niliitazama nikaiacha, maana huko kwa mwaka huchukua watu wa kuhesabu kwa vidole.

Mchumba sikumwambia. Ami sikumwambia. Mama nilimwambia tu, "Mama, naomba vyuo." Akanijibu, "Omba mwanangu, na mie nakuombea." Masikini, alidhani maombi hayana gharama.

WASHENGA WANGU WATATU

Hapa ndipo nilipochemsha. Mhadhiri wa kwanza aliniambia niandike barua mwenyewe, yeye atasaini. Nikaandika kwamba kijana huyu ana adabu, mtiifu, mchapakazi, na hana rekodi mbaya. Yaani barua ya sheha! Kumbe wale jamaa wanataka kujua mengine kabisa. Umefanya utafiti gani? Ukipangwa na wanafunzi wote aliowahi kuwasomesha mhadhiri huyo, unakuwa wa ngapi? Adabu yangu walikuwa hawana haja nayo.

Wa pili nilisoma kwake muhula mmoja, darasani tukiwa mamia. Ilibidi nimkumbushe kwa simu mie ni nani. Wa tatu ni mtu mzima niliyefanya naye kazi, mwema sana, ila utafiti wa uchumi hajawahi kuugusa.

Na hesabu je? Mwalimu wa hesabu mzima nilijiona bingwa. GRE nikapata 159, nikatamba mtaa mzima. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwenye vyuo vikubwa vya uchumi wengi wanaopokewa wanaikaribia 170. Halafu wanakagua masomo uliyosoma: kalkulasi ya juu, nadharia ya uwezekano, na yale masomo ya idara ya hisabati ambayo unathibitisha kila kitu kuanzia mwanzo. Mwaka wa kwanza wa Ph.D. ya uchumi umejaa mambo hayo. Mie chuoni niliyakimbia ili nilinde wastani wangu. A zangu zote nilizipata pahali ambapo wale jamaa hawakutazama.

Usiku wa tarehe ya mwisho ya chuo kimoja ndio usiseme. Ilikuwa 15 Desemba, mwisho saa sita kasoro dakika moja ya usiku. Umeme ukakatika mtaani, simu ndiyo ikawa taa na ndiyo intaneti. Saa sita ikapita bado napakia karatasi zangu. Nikalia kama mtoto. Kumbe saa sita yenyewe ni ya Marekani ya mashariki, na sisi tumewatangulia kwa saa nane! Nilikuwa na muda mpaka saa mbili asubuhi. Nikatuma baada ya sala ya Alfajiri, mama akiwa jikoni anapika chapati, hajui lolote.

SAMAHANI SABA

Februari 2024 majibu yakaanza kuingia. Barua za Wamarekani zina adabu, lazima niwasifu. Wanakushukuru, wanakwambia waombaji walikuwa wengi na wazuri, wanakutakia kila la heri, na nafasi hupati. Chuo kikubwa hupokea mamia ya maombi, wanaoingia ni ishirini na kitu.

Ya kwanza niliisoma ndani ya daladala ya Chake, nikashuka kituo kisichokuwa changu. Ya nne niliisoma skuli, wanafunzi wakadhani nimefiwa. Ya saba ilikuja Machi, mwezi wa Ramadhani, jioni tunasubiri adhana. Nikaiweka simu kifudifudi, nikafuturu. Hata tende haikuwa na ladha.

Baada ya Idi ami akaniita. "Mwanangu, wenzetu wanauliza tarehe." Sikuwa na pa kukimbilia, nikamweleza yote. Ami yangu si mtu wa makelele. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu, "Zile pesa zilikuwa zako peke yako?"

Hazikuwa zangu peke yangu. Laki nane zilitoka kwenye mikarafuu yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchumba alikuja kwetu na dada yake. Nikampa simu, akazisoma barua zote saba, taratibu, moja moja. Nikawa nangoja matusi. Akasema, "Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Pesa zitatafutwa. Ungeniambia ningekusubiri. Umeniweka nasubiri wala sijui nasubiri nini."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kisha akairudia orodha ya vyuo. Yeye ni mshoni, uchumi hajausoma, lakini kwa hesabu za kitambaa humdanganyi. "Hivi hawa wote ni wakubwa?" Nikamwambia ndiyo, wote. "Yaani umeposa kwa mabinti saba wa masultani, hata nyumba moja ya jirani hukupiga hodi?"

Msomaji, swali lile lilinipata. Maana hao niliokuwa nikijigamba nao barazani, Lipumba na Ndulu, wote wawili walianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kwenda huko ng'ambo. Mie niliona walikofika, sikutazama walikopitia. Na pale Nairobi ipo AERC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1988 kuendeleza utafiti wa uchumi Afrika. Kwa kushirikiana na vyuo vyetu ilianzisha mpango wa pamoja wa uzamili mwaka 1993, kisha wa Ph.D. mwaka 2002, na Dar es Salaam ikawa miongoni mwa vyuo vilivyochaguliwa. Hayo yote yalikuwepo, boti moja tu kutoka Mkoani!

POSA YA PILI

Tulioana Septemba 2024. Nikahi msikitini, pilau ya watu wa nyumbani, kitanda cha bibi, godoro ndilo tulilonunua jipya. Hakukuwa na taarabu wala shamrashamra, na najua mwenzangu alizitaka. Deni la ami nalilipa kidogo kidogo, ingawa kila nikimpelekea anajifanya ameshasahau.

Mwezi uliofuata nilianza uzamili wa uchumi Dar es Salaam kwa ruhusa ya masomo. Sasa nimo mwaka wa pili. Yale masomo ya hisabati niliyoyakimbia nimeyafuata mwenyewe mpaka idarani kwao, na mengine yananitoa jasho kwelikweli. Tasnifu yangu ni juu ya bei ya karafuu. Insha ya kujieleza ya mwaka ule ilianza na maneno "tangu utotoni nilikuwa na ndoto". Hii ya sasa inaanza na jamvi, gunia na mashua, na msimamizi wangu ameniandikisha upya mara tano.

Posa nimepeleka tena, safari hii nne tu, na orodha ameishika mke wangu. Chuo kimoja ni kile kile cha kisultani, viwili ni vya wastani, na kimoja ni cha hapa hapa Afrika Mashariki. Viwili niliviandikia mapema kuomba nisamehewe ada ya maombi, vikakubali. Kumbe inawezekana! Mwaka ule sikuuliza hata kimoja, nikamaliza godoro la mtu.

Sasa nakuambia wewe mdogo wangu uliyeko Utaani au Chasasa unayependa hesabu na uchumi. Posa hii inaanza mwaka wa kwanza wa chuo. Usiyakimbie masomo magumu kwa ajili ya wastani. Tafuta mhadhiri mmoja umsaidie utafiti wake, hata kazi ya kuingiza takwimu, ili siku ya kuandika barua asiandike habari za adabu yako. Ukituma maombi, changanya vyuo vikubwa na vya kiasi chako. Angalia saa ya huko. Omba msamaha wa ada kabla hujalipa. Na kama kuna mtu anakusubiri, mketishe umwambie unaomba nini, kwa pesa ya nani, na ukipata utakuwa mbali miaka mingapi. Akikataa, bora akatae mwanzoni.

Miaka hiyo mitano sita sisi tumeshaizungumza. Mwenzangu amesema nikipata mbali atakuja na cherehani yake, nikikosa tutarudi Wete nikasomeshe. Majibu ni Februari na Machi, kama kawaida yao. Nikipata nitawaambia, na nikikosa pia nitawaambia. Kwa sasa mama anaendelea kuniombea, na hayo maombi yake bado ni ya bure.