Igalula: Nyumba Husimama kwa Vyombo Vyake

Ukipanda gari moshi Tabora kuelekea Dodoma, hutakaa sana kabla ya kufika stesheni ya Igalula. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, lakini nchi hii ilikuwa na njia kuu zamani kabla ya reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tura, Rubuga na Kigwa, ndipo ikaingia Unyanyembe. Na Kigwa si mbali na hapa. Basi ukishuka Igalula wakanyaga nchi ya watu waliozoea safari na mizigo tangu kale.

Tembea polepole kijijini, uzitazame nyumba. Nyingine ni za matofali mabichi, nyingine za matofali ya kuchoma. Hii ina bati, ile bado ina nyasi. Utaona nyumba mbili jirani, udongo wao mmoja na mvua yao moja. Ya kwanza ukuta wake umesimama wima na mlango wafunga vizuri. Ya pili ukuta umeinama, na mlango mpaka uinuliwe kwa mikono miwili. Ukiuliza sababu, usishangae kuambiwa kwamba yule wa kwanza alikuwa na vyombo vichache vizuri akavitunza, na yule wa pili alijenga kwa vyombo vya kuazima, vibutu, katika siku mbili alizopewa.

Wazee wa nchi hii walijua thamani ya chuma. Katika karne ya 19 Wasumbwa na Warongo, upande wa kaskazini, waliyeyusha chuma wenyewe na kufua majembe. Jembe lilitolewa mahari, tena wapagazi walilichukua safarini kama fedha. Mtu wa namna hiyo hakuliacha jembe nje usiku kunyeshewa. Sisi leo twanunua jembe dukani, na kwa kuwa dukani yako mengine, twalitupa uani. Je, tumeendelea au tumerudi nyuma?

Basi ukienda mnadani au dukani, usikimbilie rangi inayong’aa. Chukua shoka au jembe, ulining’inize, uligonge kwa kijiwe. Likilia kwa sauti safi ni zima. Likitoa sauti nzito ya chungu kilichopasuka, liache. Msumeno uupinde kidogo kisha uuachilie: chuma kizuri hurudi kikanyoka, kibaya hubaki kimepinda. Kama fedha haitoshi, ni heri ununue nyundo moja nzuri mwaka huu na msumeno mwaka ujao, kuliko sanduku zima la vyombo vya bei rahisi vitakavyokwisha kabla ya nyumba.

Mpini usinunue, msitu uko karibu. Mti wa mkole wafaa sana. Chagua kipande ambacho nyuzi zake zanyoka toka mwanzo hata mwisho, ukikaushe kivulini, si juani, kisije kikapasuka. Kaza shoka kwa kabari ya mti mkavu. Wengi wetu, shoka likilegea, twalitia katika ndoo ya maji. Hii ni dawa ya siku moja tu. Mti huvimba, unabanwa ndani ya tundu la chuma, kisha ukikauka husinyaa kuliko mwanzo. Kesho yake shoka huchomoka mkononi, na nyuma yako amesimama mtoto anayeokota vibanzi. Yafaa kabari ya senti chache kuliko msiba huo.

Mninga wetu wapendwa na maseremala kwa milango kwa sababu ukikauka vizuri haujikunji sana. Lakini hata mninga huharibiwa na msumeno butu. Noa kwa tupa ya pembe tatu: sukuma mbele, inua, rudi, usiivute nyuma, maana kufanya hivyo kwaiua tupa. Meno ya msumeno yapangwe, moja limeinama huku, la pili kule, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bati lake. Bila hivyo utakwama katikati ya ubao na kuusingizia mti kuwa mgumu.

Viko pia vyombo ambavyo havina bei kubwa, na fundi asiye navyo hubahatisha. Cha kwanza ni timazi: uzi na jiwe zito, nao utakuambia kama ukuta wasimama wima. Cha pili ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji bila mapovu; maji ya ncha zake mbili husimama kimo kimoja, hata ukiwa pembe hii ya nyumba na mwenzako pembe ile. Cha tatu ni kamba yenye mafundo. Pima mita 3 upande mmoja wa pembe, mita 4 upande wa pili; ikiwa toka alama hii hata ile ni mita 5 kamili, pembe ya msingi wako ni sawa. Mlango usiofunga mara nyingi ulianza kuharibika hapo, siku ya msingi.

Kutunza si kazi kubwa. Mwiko uoshwe kabla saruji haijakauka. Jembe na sepetu zikwanguliwe udongo, zifutwe, zipakwe mafuta kidogo. Vyote vitundikwe ukutani, visilale chini, maana chini kuna unyevu wa kutia chuma kutu, na mchwa wa kula mipini.

Neno la mwisho ni zito zaidi. Kuazimana ni jambo jema, na kijiji kisichoazimana si kijiji. Ila chombo kilichoazimwa kiandikwe katika daftari: nani, lini, na kitarudi lini. Katika daftari hilo hilo baba aandike vyombo vyake vyote, na ataje mbele ya mkewe na wazee kwamba ni vya nyumba hii. Yatokea vijijini kwetu fundi anafariki, na kabla matanga hayajaisha ndugu wamekwisha gawana: huyu msumeno, yule randa, mwingine nyundo. Mjane anaachwa na ukuta usio na paa na kijana wa miaka 15 ambaye angeweza kuumaliza. Ndugu hao si wezi, wanafuata mazoea. Lakini mazoea yanayomwacha yatima mikono mitupu hayafai kurithiwa.

Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba. Kabla hazijafika, tandika mkeka uani Jumamosi moja, utoe kila chombo, uwaite mke na watoto, wavulana na wasichana. Mmoja afute, mmoja anoe, mmoja aandike. Kitakachokosekana kwenye mkeka, kifuate kwa jirani jioni ile ile, kwa salamu na heshima.