Chumba cha Darini kwa Shangazi

Nyumba ya shangazi huko Minneapolis ni ya miaka ya 1930, ghorofa moja na nusu. Hiyo nusu ndiyo darini, na ndipo tulipolala sisi vijana tuliofika kutoka Tanga. Dari inafuata mteremko wa paa, kuta za pembeni zinakufika kiunoni tu, na pande mbili paa limetobolewa likajengewa vijumba vya madirisha vinavyochomoza nje. Mchana ni chumba kizuri mno. Usiku wa Januari tulilala na soksi na kofia.

Shangazi alikihangaikia miaka mingi: mapazia mazito, hita ya umeme, kisha pamba ya kioo nyuma ya zile kuta fupi. Joto likazidi kupotea. Theluji ya juu ya paa iliyeyuka, maji yakateremka hadi kwenye upenu wenye baridi, yakaganda na kujenga ukingo wa barafu. Yaliyofuata yakakosa njia, yakapenya chini ya vigae hadi kitandani kwetu. Kila aliyekuja alilaumu paa. Paa halikuwa na kosa lolote.

Aliyetufumbua macho ni fundi mmoja mtu mzima. Kabla ya kugusa kitu alichungulia kama kuna vemikulaiti, madini yaliyokuwa yakimwagwa darini kuzuia baridi, kwa kuwa ile iliyochimbwa Libby, Montana, hadi 1990 ilikuwa na asbesto. Haikuwepo. Akafunga feni kubwa mlangoni, ikavuta hewa ya nyumba kwenda nje, akapitisha kijiti cha moshi chini ya kuta fupi. Moshi ukarushwa chumbani! Nafasi kati ya boriti za sakafu zilikuwa wazi, upepo wa nje ukipita chini ya miguu yetu, na pamba ya kioo haizuii upepo.

Basi fundi na wenzake waliziba kwanza. Kila nafasi ilipata kipande cha ubao wa povu, kingo zikapulizwa povu. Ndipo kwenye mteremko wakashindilia selulozi, yaani magazeti yaliyosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, kilo 56 hivi kwa mita ya ujazo. Ikilegea hutitia na kuacha uwazi juu. Vijumba vya madirisha vilikula muda kuliko vyote, maana kila kinapokutana na paa pana ufa wake.

Tarehe 30 Januari 2019 mji ulishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Nililala darini bila ile hita, na upenu haukuota barafu. Penye ubaridi ni kuta nyembamba za vijumba vya madirisha tu, na shangazi ameshaagiza mbao za povu za kuzibandika kwa ndani.