Mchezo Tulioutunga Sote

Muhula huu kikundi chetu kilitunga mchezo wa kuigiza juu ya tembo watokao msitu wa Ngorongoro na kula mahindi ya wakulima wa Karatu. Mimi ni mtoto wa mkulima. Mahindi yetu yaliliwa usiku mmoja, ingawa tulikesha tukipiga madebe. Basi nikaandika maneno makali ya kumfanya askari wa wanyamapori kuwa mtu mbaya.

Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake ni askari, alinyamaza. Mwalimu akatueleza kuwa Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliandika pamoja tamthilia ya “Harakati za Ukombozi”, iliyochapishwa mwaka 1982, nasi tusikilizane. Akamwambia mwenzetu aigize baba yake arudipo nyumbani.

Aliingia, akavua viatu vyenye tope, akaketi. Aliyeigiza mama akamwuliza, “Umewafukuza?”

Akajibu, “Wamerudi.”

Wapenzi wasomaji, hivyo ndivyo baba yangu alivyoketi asubuhi ile shambani. Jioni niliufuta ukurasa wangu. Katika mchezo wetu sasa mkulima na askari huketi gogo moja, wakingoja kuche.