Nyingine Iko Wapi?

Miaka yote niliyotengeneza kompyuta Kariakoo, mashine mbovu hazikunigombanisha na mtu. Pawasaplai ikiungua baada ya umeme kurudi kwa kishindo, mteja ananusa harufu, anatikisa kichwa, analipa. Ugomvi uliletwa na mashine nzima. Inawaka, inachapa, inapiga muziki, ila mwenye nayo kalipia kumbukumbu ya GB 4 na skrini inamwonyesha 3.25.

Sokoni kilichopungua kimeibwa, na wa kwanza kushukiwa ni fundi. Sikuwalaumu. Walikuwapo wenzetu ambao mteja akitoka kunywa chai, RAM yake nzuri inachomolewa na kuukuu inachomekwa, naye hana la kumjulisha mpaka mashine ianze kujikokota. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu mapema: kifuniko hakifunguliwi mpaka mwenye mali awe amesimama mbele yangu, na namba iliyobandikwa kwenye kila RAM inaandikwa kwenye daftari, yeye mwenyewe akiisoma. Jumamosi, watu wamejaa kwenye korido, utaratibu huo uliwaudhi wengi.

Daftari hilo ndilo lililonitetea kwa mama mmoja mwenye steshenari jirani na chuo. Nilimfungia RAM mbili za GB 2 kwenye kompyuta ya Windows XP. Kesho yake alirudi na kijana wake, pande la mtu, ambaye hakufungua mdomo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilinunua nne. Nyingine iko wapi?"

Nikafungua daftari, halafu kifuniko. RAM zote mbili zilikuwapo, namba zile zile. Tuhuma ikafa, swali likabaki, na swali lilikuwa la haki.

Mfumo wa biti 32 unahesabu anwani 4,294,967,296, basi, hauna nyingine. Kila baiti ya kumbukumbu inataka anwani yake, na hesabu hiyo ndiyo GB 4 kamili. Lakini RAM haigawiwi anwani peke yake. Kadi ya picha, kadi ya mtandao, kadi ya sauti na chipu ya bayosi zote zinadai kutoka fungu hilo hilo, nazo hupewa zile za juu kabla RAM haijafika huko. Nilimweleza mama kwa masanduku ya posta: posta ina masanduku 4,000, na 750 yameshachukuliwa na ofisi na mashule. Ukija na watu 4,000 wanaotaka kupokea barua, 750 watakosa sanduku. Watu wapo, wazima wa afya, ila barua haiwezi kuwafikia.

Akafikiri. "Sasa kwa nini uliniuzia hao 750?"

Nikamjibu kwamba RAM mbili zinazolingana hufanya kazi sambamba na mashine inakuwa nyepesi kuliko ikiwa na GB 2 na GB 1, na kwamba siku akihamia mfumo wa biti 64 huenda hao waliokosa wakapata. Nilisema "huenda" kwa makusudi, na nitaeleza kwa nini. Kijana wake alicheka, mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Kwenye vijiwe vyetu vya mafundi palikuwa na ubishi usiokwisha juu ya jambo hili. Kuna aliyejua kwamba tangu Pentium Pro ya 1995 prosesa za Intel zinaweza kutumia anwani za biti 36, yaani mpaka GB 64, hata kwenye mfumo wa biti 32, na kwamba baadhi ya Windows za seva zilifanya hivyo. Alikuwa sahihi. XP haikuruhusu, kwa kuwa draiva nyingi za vifaa vya nyumbani zilikuwa zimeandikwa kana kwamba juu ya GB 4 hakuna dunia, na zikisukumwa huko zinaangusha mashine. Mwenye hamu ya kuivunja kinga hiyo nilimwacha aivunjie kwake.

Windows 7 ilipotoka 2009, mwaka ule ule mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam, watu walidhani hadithi imekwisha. Haikwisha, ila wahusika waliongezeka. Walikuja wenye vilaptopu vidogo vya Windows 7 Starter, toleo ambalo halitumii zaidi ya GB 2 hata uweke ngapi. Walikuja wenye mazabodi za chipu za Intel 945, zilizojaa kwenye kompyuta za mtumba. Hizo zina mwisho wa anwani kwenye GB 4 zikiwa chuma kitupu, kabla hujaweka mfumo wowote; biti 64 haziwasaidii kitu. Ndiyo "huenda" yangu ile. Na walikuja wengine ambao dawa yao ilikuwa kuingia kwenye bayosi na kuwasha kipengele kimoja tu, kile kinachohamishia juu ya GB 4 kumbukumbu iliyosukumwa na kadi. Kazi ya dakika, na mteja anakutazama kama mganga.

Kundi lililonichekesha ni la vijana wa kuongeza spidi. Mtu kasikia kwamba akifungua msconfig, akaenda kwenye chaguzi za juu za uwashaji, akatia alama kwenye kikomo cha kumbukumbu, kompyuta itaruka. Anatia. Mashine inatii amri yake kwa uaminifu na kujinyima sehemu ya RAM kila inapowaka. Kuondoa alama hiyo nilikuwa sitozi, nikimtaka tu aniahidi hatamfundisha jirani.

Baadhi ya RAM zilipotea kwa uchafu mtupu. Unyevu wa pwani na vumbi la mtaani hutengeneza utando kwenye meno ya dhahabu, na raba ya kufutia penseli inatosha kuusafisha. Ikishindikana nilikuwa nalaza mashine na Memtest86+ usiku kucha, ipime RAM seli kwa seli. Mwaka 2011, wakati wa mgao mkali wa umeme, kipimo hicho kilikuwa ndoto. Kinafika katikati, giza linaingia, unaanza upya.

Kazi ninayoikumbuka kwa furaha ni ya mzee mmoja, mhandisi wa majengo aliyestaafu, aliyekuwa bado anachora. Mashine yake ilikuwa na RAM nne za GB 4. Windows ikaandika kwamba zimefungwa 16 na zinazotumika ni 7.98. Nikafungua kipimo cha rasilimali: kipande cha kijivu, kile cha kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya vifaa, kilikuwa kimekula zaidi ya MB 8,000. Hakuna kadi inayokula hivyo.

Nikaanza kuzihamisha RAM, moja moja, sloti kwa sloti. Zote nzima. Kila RAM ilifanya kazi ikikaa sloti za upande mmoja, na kila RAM ilipotea ikienda upande wa pili, ingawa jina lake lilisomeka. Hilo la jina huwapoteza mafundi wengi. RAM ina kichipu kidogo kinachotunza habari zake, na kichipu hicho kina njia yake ya pembeni ya kusomwa. Mashine inaweza kuijua RAM kwa jina, ukubwa na kasi, na bado isiweze kuandika humo herufi moja.

Zamani ningeilaumu mazabodi. Lakini kwa Intel, tangu Core i7 za kwanza za 2008, kidhibiti cha kumbukumbu kimehamia ndani ya prosesa, na njia za kwenda kwenye RAM zinapita kwenye pini za soketi. Kwanza nikalegeza feni, maana ikikazwa upande mmoja tu prosesa inaweza kuinuka kidogo na kuachia baadhi ya pini. Wapi. Basi nikaitoa prosesa. Soketi ilikuwa ile ya pini 1,155, nyembamba kuliko ndevu za panya. Nikamwomba mzee ashike tochi, ailaze pembeni. Pini zikielekea upande mmoja, zote zinang'aa kwa pamoja. Tulizungusha mwanga polepole mpaka ikajitokeza moja ambayo haikung'aa na wenzake.

Niliinyoosha kwa sindano chini ya kioo cha kukuzia. Mzee hakupumua, na mimi pia. Ilipowaka ikasoma 15.9.

Shida ikawa bei. Mteja wa Kariakoo analipia kifaa anachokishika. Ufahamu hauna bei ubaoni. Nikataja kiasi, nikisubiri tupatane. Mzee akatoa pesa bila kuvuta hata shilingi. "Nimekuona ukifanya," akasema.

Siku hizi mezani pangu amekaa mpwa wangu, na kazi yake kubwa ni simu. Majuzi nilimkuta na simu mpya ya mteja, kwenye boksi wameandika RAM 16. Nikamwambia aangalie vizuri: ni 8, na nyingine 8 zimekatwa kwenye hifadhi ya picha na video, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Miaka yote hiyo nimetukanwa kwa robo tatu ya GB iliyokuwapo kweli, na sasa watu wanashangilia GB 8 zisizokuwapo.

"Taratibu, mjomba," akaninong'oneza, akimtupia jicho mwenye simu aliyekuwa amesimama mlangoni. "Huyu bado hajalipa."