Kwa Nini Nilifuta Video ya Kanali

Wasee, nimechoka kujibu swali moja kila siku, kwa hivyo leo nalijibu mara moja tu. Ile video ya Kanali haikuondolewa na mtu. Niliifuta mimi mwenyewe. Hakuna aliyenilipa, hakuna aliyenitisha. Kama uliipenda, soma hadi mwisho ndio unitusi ukiwa umejua stori yote.

Kwa wageni: Kanali ni lori ya jeshi ya Kwara, babu yangu. Ni Bedford MK, ile ya magurudumu manne yote kuvuta, kichwa kifupi, na shimo la duara juu ya kabini ambapo askari angesimama kuangalia mbele. Bedford zilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Vauxhall, na hii aina ya MK ilibebea jeshi la Uingereza mizigo tangu miaka ya 70. Umeme wake ni volti 24, kwa hivyo unahitaji betri mbili ili iamke. Ikiwa tupu tu inapita tani 4. Ukiiwasha kwetu, upande wa Rongo, kuku wote wanajua.

Kwara alikuwa dereva jeshini. Alipostaafu alitumia sehemu ya pesa zake kununua lori kwenye mnada, aina ileile aliyokuwa akiendesha. Dani, nyanya yangu, hakuongea naye wiki mbili. Alitaka ng'ombe. Kwara akamwambia ng'ombe watakuja na lori, na siku makaratasi yakikamilika atampeleka kwao Kendu Bay akiwa ameketi mbele kama bibi ya mkubwa.

Makaratasi hayakukamilika. Lori ilibeba miwa na mawe ndani ya mashamba miaka kadhaa, klachi ikaisha, ikaegeshwa chini ya mwembe. Kwara akafariki. Mwembe ukaendelea kuiangushia majani.

Mimi nikaingia hapo nikiwa na miaka 20. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Kuna watu huuliza kama ni karo au ni mimi. Ilianza na karo, halafu ikawa ni mimi. Nilirudi nyumbani na simu yenye kamera nzuri na aibu nyingi, na kitu pekee hapo bomani kilichoonekana kama video kilikuwa Kanali. Nikaanza kurekodi: kutoa majani, kufungua boneti, fundi mzee wa jua kali akinifundisha kutoa hewa kwenye paipu za dizeli. Nyinyi ndio mlianza kutazama. Pesa ya klachi ilitoka kwenu, na sijasahau.

Sasa, ile video. Mliona lori ikitoka kwa geti, ikipanda lami ya kuelekea Homa Bay, mimi nimetoa mkono dirishani, muziki umepanda. Sekunde 48. Ndiyo video iliyotazamwa zaidi katika maisha yangu.

Ambacho hamkuona ni sekunde ya 49. Kuna mteremko hapo. Breki za hiyo lori zinasaidiwa na upepo, na tangi la upepo lilikuwa linavuja. Fundi alikuwa ameniambia nisitoke. Nilikanyaga, pedali ikaenda, lori haikusimama. Mbele yangu kulikuwa na boda amebeba mama, mama ana mtoto mgongoni na kikapu mapajani. Nilipiga honi. Yule jamaa wa boda akatupa pikipiki kwenye murram, na mimi nikapita pale alipokuwa. Nikasimama mbele huko kwa gia na kwa neema.

Hakuna aliyeumia. Nyanya zilimwagika, nikalipa shilingi 800. Lakini yule mama hakutaka pesa kwanza. Alizunguka lori, akaenda mbele, akaenda nyuma, akarudi kwangu na kuniuliza, "Kijana, hii yako ni namba gani?"

Haikuwa na namba. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Alikuwa anatafuta kitu cha kushika, kitu cha kwenda nacho kwa polisi au kwa bwanake, na hakukipata.

Nilikata klipu hapo, nikaweka muziki, nikaposti. Ilikaa wiki tatu. Kila mara mtu alipoandika "hii ni moto," nilimkumbuka akizunguka lori. Wiki ya nne nikaifuta.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaosema usajili ni njia ya serikali kukukamua. Namba, bima, ukaguzi, yote niliona ni ada juu ya ada. Lakini sheria ya bima ya watu wengine, Sura 405, haikuandikwa kwa ajili yangu mwenye lori. Ni ya yule mama. Ningemgonga, hakuna kampuni ingelipa hata shilingi, kwa sababu gari isiyosajiliwa haina bima. Ningeuza nini? Simu?

Basi nikaamua Kanali itasajiliwa au haitatoka tena. Na hapo ndipo nilikuja kujua kwa nini Kwara alichoka.

Lori ya jeshi huishi kwa namba za jeshi. Ikiuzwa, hizo namba zinabaki huko, na wewe unaondoka na chuma pamoja na barua. Raia wengi hununua gari lenye logibuku, wanabadilisha jina, wamemaliza. Wewe unaanza kama gari lililoshuka meli leo, isipokuwa lilishuka kabla mamako hajazaliwa. Unatakiwa kuonyesha ilivyotoka serikalini: barua ya kuachiliwa na risiti ya mnada. Kisha kuna ushuru. Vitu vya jeshi huingia nchini bila kulipiwa, lakini Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema kitu kilichosamehewa kikienda kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unaweza kudaiwa. Kisha ukaguzi: namba ya chesisi na ya injini zisomeke na zilingane na barua, breki zishike, taa ziwake. Na kwa kuwa ni gari la mizigo linalozidi kilo 3,048 likiwa tupu, linahitaji kidhibiti mwendo, kisizidi kilomita 80 kwa saa. Kanali ikifika 80 mimi mwenyewe nitaruka, lakini sheria ni sheria. Mimi pia nahitaji leseni ya lori. Ya gari dogo haitoshi.

Wengine mliniambia niachane na hii, niagize nyingine safi kutoka Uingereza. Huko, gari likitimiza miaka 40 linaweza kuingia daraja la magari ya kihistoria na kusamehewa kodi ya barabara. Poa kwao. Hapa Kenya gari kuukuu la kuagizwa halitakiwi kupita miaka 8. Magari ya zamani yaliyobaki nchini ndiyo tunayo. Nairobi wenye pesa huyapeleka Ngong Racecourse kwa mashindano ya Concours, yamesuguliwa hadi unajiona usoni. Huku kwetu tunayauza kwa kilo.

Sasa mtego wa kweli. Barua na risiti zilikuwepo, ndani ya mkebe wa biskuti wa Dani, pamoja na kitambulisho cha zamani cha Kwara. Lakini zilikuwa kwa jina la Kwara, na Kwara hayuko. Mali ya marehemu haihamishwi kwa sababu mjukuu anaipenda. Unaenda kortini kwa mirathi: barua ya chifu inayotaja warithi wote, sahihi zao za kukubali, tangazo kwenye Gazeti la Serikali na siku 30 za mtu kupinga. Ukipewa usimamizi, kwa kawaida unasubiri miezi 6 kabla ya kuthibitishwa na kugawa. Yote hayo kabla hata hujagusa eCitizen kuomba namba.

Nilivunjika moyo, na hapo akatokea broka.

Sitamtaja. Alikuwa na logibuku halali ya Bedford nyingine, iliyokufa na kukatwakatwa zamani. Mpango: tukwangue namba ya chesisi ya Kanali, tugonge ile ya marehemu mwenzake, mimi ninunue logibuku. Shilingi 45,000, wiki mbili, hakuna korti. Nilituma 10,000 usiku huohuo. Ndiyo, mimi, wiki chache tu baada ya yule mama. Sitajificha.

Kesho yake nilimwambia fundi alete grainda. Hakuuliza mengi. Akasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka namba ikatokea, akaniambia nilete barua ya Kwara. Tukasoma pamoja, tarakimu moja moja, chuma na karatasi. Zililingana zote. Akaniuliza, "Ukikwangua hii, hiyo barua itakuwa ya gari gani?"

Sikuwa na jibu. Kwara alitunza hiyo karatasi miaka yote, kwenye mkebe, mbali na mchwa, kwa sababu ndiyo ilikuwa inasema alinunua kwa jasho lake na hakuiba. Mimi nilitaka kufuta kitu pekee kinachounganisha jina lake na hiyo lori, ili niipe jina la mtu nisiyemjua. Na ni kosa la jinai, tusizunguke. Ile 10,000 haikurudi. Ni sawa. Nimelipa karo ndogo kuliko ile ya chuo na nimesoma zaidi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko korti: baba mdogo. Sahihi yake inahitajika, na yeye alitaka lori iende kwa vyuma chakavu. Mnakumbuka 2022 serikali ilipofungia biashara ya vyuma chakavu kuanzia Januari, ikaifungua Mei? Baba mdogo alikuwa ameshapata mnunuzi kabla ya marufuku. Kanali iliponea hapo. Na msimcheke. Ana watoto wawili sekondari. Kwake kila mwezi lori inakaa chini ya mwembe ni karo imekaa chini ya mwembe. Aliponiambia, "Wewe unachezea urithi wetu kwa simu," sikuwa na la kumjibu, kwa sababu pesa ya video ilikuwa inaingia kwangu peke yangu.

Tuliketi kwa Dani. Nilitoa daftari, nikaonyesha kilichoingia na kilichotumika. Kuanzia siku hiyo, kinachobaki tunagawana. Tukakubaliana pia kwamba mirathi ikithibitishwa na mwaka mmoja ukapita bila Kanali kupata namba, inauzwa, kila mtu achukue chake, na mimi sitapost video ya kulia. Baba mdogo akatia sahihi. Dani akatia kidole, wino ukamwagika kidogo kwenye leso, akasema, "Nyakwara, babu yako alisema ni wiki moja tu."

Najua wengine mnangojea niseme mimi pia ni kama Kanali, ninafanya kazi ingawa sina karatasi. Nilifikiria hivyo muda mrefu, na nilikuwa nimeandika hata maneno ya video. Lakini si kweli. Shahada ambayo sina haimhatarishi mtu yeyote barabarani. Breki ambazo sina zinamhatarisha. Kuna karatasi unaweza kuishi bila, na kuna karatasi ambayo bila hiyo mtu mwingine ndiye anayelipa. Shida ya sisi vijana, nikianza na mimi, ni kuziweka zote kwenye gunia moja tukisema "mfumo."

Kwa hivyo hii ndiyo hali ilivyo leo. Tangazo lilitoka, siku 30 zimepita, hakuna aliyepinga. Miezi 6 inahesabika. Tangi la upepo limebadilishwa, breki zinashika, naendelea na masomo ya leseni. Kila Jumapili baada ya kanisa nawasha Kanali bila kuvuka geti. Dani hupanda kiti cha kushoto, mkoba mapajani, tunazunguka mwembe mara mbili, anashuka na kusema Kendu Bay imekuwa karibu.

Video zitarudi, za karakana na za korti, zenye kuboesha. Ile ya lami hairudi.

Na wewe mama wa nyanya, kama kuna mtu anakujua akusomee hii: samahani. Siku moja, Mungu akipenda, utaona lori ya kijani ikipita polepole kuelekea Homa Bay, kikongwe ameketi mbele. Itakuwa na namba mbele na nyuma. Ikikukosea, iandike.