Nyumba ya Wageni na Sitara ya Wenyeji



Katika barabara itokayo feri ya Likoni kuelekea Ukunda, hapa kwetu Shika Adabu, si ajabu siku hizi kukuta nyumba ya familia yenye vyumba viwili vitatu vinavyokodishwa kwa usiku. Wageni wenyewe si watalii peke yao. Yuko aliyekuja arusini, yuko aliyekuja mazikoni, yuko fundi aliyepata kazi ya wiki tatu bandarini, na ziko familia za bara ambazo kila Disemba huitamani pwani lakini hoteli za Diani haziwezi. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa, mtu ashukaye treni Miritini aweza kutufikia bila ya kuvuka kwa feri. Riziki imesogea karibu, na wenye nyumba wameifungulia mlango.

Sisi ni ndugu watatu wa kike tuishio na mama yetu. Marehemu Baba alituachia nyumba yenye ua mpana, na upande wa mbele vyumba viwili alivyovijenga kwa ajili ya wajukuu. Dawa za Mama za sukari na presha hazingoji mwisho wa mwezi, wala karo ya mtoto wetu aliyeingia sekondari haingoji. Tulikaa tukashauriana, tukaafikiana vyumba vile vikodishwe, kwa kuwa vina choo chao na mlango wao wa nje. Jambo la mlango ndilo lililomridhisha Mama. Wazee wa Lamu na Mvita waliojenga nyumba za mawe walifuata mpango huo huo: mgeni alikaribishwa kwenye daka na baraza zake, akaheshimiwa, akalishwa, na kule ndani kukabaki kuwa ndani.

Tulianza na usafi kabla ya pambo. Kuta tulizipaka rangi nyeupe, chandarua tukanunua kipya, na foronya tukazishona kwa kikoi ili zistahimili kufuliwa kila siku mbili. Chini tulitandika mikeka ya ukindu aliyoisuka Mama mwenyewe. Kitanda cha samadari cha Bibi, ambacho kila aliyekiona alituhimiza tukitoe mbele, tulikiacha chumbani kwa Mama, kwa sababu ndicho alichojifungulia wanawe watatu. Fremu ya aya iliyokuwa ukutani tuliihamishia ukumbini kwetu, maana hatujui nani atalala chini yake na katika hali gani; mahali pake tulibandika mshale mdogo wa kibla, na mswala tukauweka ndani ya kabati kwa atakayeuhitaji. Kanga za majina ya mafumbo hatukuzitundika ukutani. Mgeni hajui fumbo lilimlenga nani, lakini jirani ajua.

Kisha yakaja mambo ya picha, na hapo ndipo tulipotambua kwamba kukodisha nyumba na kuionyesha ni mambo mawili mbalimbali. Biashara hii yote imesimama juu ya picha. Airbnb ilipoanza San Francisco, wageni wa mwanzo walilazwa juu ya magodoro ya kujazwa hewa, na waanzilishi wake wenyewe wamesimulia kwamba kazi haikuchangamka mpaka mwaka 2009 walipokwenda New York wakazipiga upya picha za nyumba za wateja wao. Mgeni hapigi hodi kwanza; hutangulia kuingia kwa macho. Nasi tulifunzwa katika Sura ya An-Nur kwamba nyumba isiyo yako huingii mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe. Je, anayeingia kwa macho, ruhusa humpa nani, na ya kufika wapi?

Kazi ya kupiga picha yenyewe si ngumu, na simu ya kawaida yatosha. Tulichagua baina ya saa mbili na saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia chumbani lakini halijawa kali. Mapazia tuliyafungua na taa tukazizima, kwani mwanga wa taa ukichanganyika na wa mchana, ukuta mweupe huonekana wa manjano upande mmoja na wa buluu upande wa pili. Tuliifuta lenzi kwa kitambaa laini, tukaishika simu kwa ubavu, tukasimama pembeni mwa chumba ili kuta mbili zionekane pamoja, na simu tukaiweka usawa wa kifua ili nguzo na milango isionekane kuinama. Ndoo, taulo na nyaya tuliziondoa kwanza.

Alitusaidia kijana mmoja wa mtaani ambaye kazi yake ni kuwatafutia wageni wenye nyumba. Alikuja kwa adabu, akamwamkia Mama shikamoo, akakaa barazani akanywa kahawa. Alikuwa na mashauri mawili. La kwanza, tutumie lenzi pana, ambayo chumba cha futi kumi kwa kumi hukigeuza mithili ya ukumbi wa arusi. La pili, Mama akae uani mbele ya jiko, na leso yake mabegani, akikaanga mahamri, apigwe picha. Alisema picha yenye mtu hupendwa kuliko picha ya ukuta, na kwa kweli huenda hakukosea.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, nyumba tumeikodisha. Mimi sikujikodisha."

Mdogo wetu, ambaye ndiye mwenye kushika hesabu, alitaka wakutane katikati: uso uachwe, ionekane mikono tu ikisukuma unga. Alikuwa na hoja yake, kwani yeye ndiye aliyeijua bei ya dawa kuliko sote. Mama alifikiri kidogo akasema mikono yake majirani waijua. Hakuna aliyeendelea kubishana. Tuliweka sahani ya mahamri na bakuli la mbaazi za nazi juu ya mkeka, moshi ukifuka bado, tukapiga picha ile.

Na lenzi pana nayo tuliikataa. Tulikumbuka kisa mashuhuri cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani akakuta majimaji. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua, naye Mtume akamuuliza mbona hakuiweka nafaka ile iliyorowa juu watu wakaiona. Rundo la nafaka na picha ya chumba havina tofauti kubwa: kilicho juu ndicho kinunuliwacho. Basi tulipiga picha ya chumba kwa ukubwa wake wa kweli. Tulipiga choo na komeo la mlango wake. Tulipiga tangi la maji pamoja na ndoo na kata, kwa sababu mifereji ya Likoni haitoi kila siku na mgeni ana haki ya kujua kabla hajalipa. Katika maelezo tuliandika kwamba matatu za barabarani zasikika, kwamba adhana ya alfajiri yasikika, na kwamba ulevi hauruhusiwi.

Kuna mambo mengine ambayo hayakuingia katika picha, na haya tunayasema hasa kwa akina mama wenzetu. Hatukuonyesha lango la barabarani wala kibao chochote cha kumwelekeza mtu nyumba ilipo. Anayelipa huelekezwa akishalipa. Hatukuonyesha funguo, wala madirisha yetu ya nyuma, wala kamba ya nguo. Sare za shule za watoto tuliziondoa uani, kwani nembo ya sare yatosha kumwambia mgeni asiyejulikana mtoto husoma wapi. Picha za watoto na za marehemu tuliziteremsha ukutani kabla kamera haijawashwa.

Hata sheria ya nchi inalitambua jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya mamilioni ya shilingi kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi. Ikiwa shule yahitaji idhini, sembuse tangazo la biashara? Na mwenye kukodisha ana wajibu wake pia. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi jijini Nairobi, serikali ilikaza agizo kwamba nyumba kama hizi zisajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Sisi humtaka kila mgeni aliye mtu mzima kitambulisho chake, tukaandika jina lake daftarini mbele yake, na hatujapata aliyeona ni dharau.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mambo yamenyooka. Iko miezi ambayo vyumba hukaa vitupu wiki tatu mfululizo, na mdogo wetu bado huamini kwamba picha ile ya mikono ingetuongezea wageni. Yamkini ni kweli. Ramadhani iliyopita tulipunguza bei, na dawa za mwezi ule tulizikamilisha kwa kuuza vitumbua na kaimati magharibi. Lakini amewahi kutufikia mama mmoja wa bara pamoja na binti zake wawili, akatuambia kwamba katika nyumba nyingi alizozitazama, yetu ndiyo aliyoliona komeo la choo. Walikaa siku tano. Siku ya pili Mama aliwaita uani wakala naye mahamri, kwa hiari yake, na bila ya kamera.

Mtaa wetu una jina ambalo ni agizo, na kila anayeuliza njia hulitamka. Basi kwa familia inayofikiria kufungua vyumba vyake, rai yetu ni hii: kaeni kikao kabla ya kumwita mpiga picha. Piteni chumba kwa chumba mkiulizana kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana, na aulizwe kila mmoja, na mkongwe na mtoto, maana picha ikishatoka hairudi. Atakayesema "mimi simo" asiombwe sababu. Na mkishakubaliana, andikeni, mbandike nyuma ya mlango wa jikoni, ili siku ya shida ya fedha iwakute mmeshaamua.